Milioni 33, watu sita na mlima wa Mahenge: tuchukue gari gani?

*"Fundi, habari za kazi. Naomba ushauri kabla hatujagombana ndani ya nyumba. Tuna shilingi milioni 33, nyingine hakuna. Tunakaa Goba, wote wawili tunafanya kazi mjini, tuna watoto watatu. Kwetu ni Mahenge, tunakwenda kila Desemba na mara nyingine Pasaka, na safari hizo mama mkwe huwa tunaye. Mume wangu anataka Harrier ya 2006. Anasema ni Toyota, haisumbui, na ina heshima yake. Mimi nimeona X-Trail ya 2011 kwenye yadi, milioni 26, kilometa 78,000, ila fundi wetu anasema giaboksi za X-Trail ni mayai. Shemeji anasema Subaru inakunywa mafuta kama lori. Jirani naye anasema tuachane na yadi, tuagize wenyewe Japani. Tuchukue lipi? Na ni lazima liwe la kuvuta matairi yote manne?"*

Nzuri dada, na poleni na mjadala. Kabla sijafika kwenye Harrier wala X-Trail, nimehesabu watu. Wewe, mume wako, watoto watatu, mama mkwe: sita. Magari yote mliyoyataja yana viti vitano na mikanda mitano. Katika ushauri wote mliopewa, hilo hakuna aliyeligusa. Nitalirudia mbele, maana linaweza kubadili jibu lote.

Kwanza hela. Mwenye milioni 33 asitafute gari la milioni 33, atafute la 28. Sisemi hivyo kwa kubana matumizi. Gari lililotumika, hata likiwa zuri namna gani, lina madeni ambayo mwenye nalo wa kwanza hakuyalipa: matairi yaliyozeeka, betri, bushi za mbele, shokapu, oili ya giaboksi na ya difu ambayo haijaguswa miaka. Ongeza bima kubwa, kwa sababu ukiweka akiba yote ya familia kwenye bati halafu ukakata bima ndogo, likigongwa na mtu asiye na kitu umebaki na funguo mkononi. Wengi wanaoniletea gari likiwa na miezi minne hawakununua gari baya. Walilinunua kwa senti ya mwisho, taa ikawaka kwenye dashibodi, wakasema "tutaangalia mwisho wa mwezi", na kitu cha laki mbili kikageuka cha milioni tatu.

Sasa hilo la jirani, kuagiza wenyewe. Ni wazo zuri kwa gari jipya kidogo, kwa gari kuukuu linabana. Kodi zetu zinakwenda hivi: ushuru wa forodha asilimia 25 ya bei ya gari hadi bandarini. Juu yake ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 ikivuka 2,000. Halafu kuna ile tunayoiita ya uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezwa asilimia 15, likivuka miaka 10 asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Chukua gari la cc 2,000 la 2011, tuseme limefika bandarini kwa 100. Ushuru wa forodha unalifanya 125. Ushuru wa bidhaa 6.25 na uchakavu 37.5 vinalifikisha 168.75. Piga VAT, unafika karibu 199. Kodi imelingana na bei ya gari lenyewe, na hapo sijahesabu ada ndogondogo, wakala wa bandari na usajili. Gari hilohilo lingekuwa chini ya miaka 8, hesabu ingeishia karibu 155.

Kwa hiyo kuagiza la 2011 mwenyewe hakukuokolei kama jirani anavyodhani, maana mwenye yadi naye amelipa kodi hizohizo. Faida ya kuagiza ni nyingine: unachagua kwenye mnada, na unaiona karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, kabla hujalipa. Mkiamua njia hiyo, msipige hesabu kwa ankara ya muuzaji. TRA wana bei zao za rejea na kikokotoo chao kiko mtandaoni. Anzeni pale, na mkiangalie tena baada ya bajeti ya Juni, kwa sababu viwango hubadilika.

Tuje kwenye mayai ya fundi wenu. Amesema jambo la kweli nusu. X-Trail ya 2011 ni toleo la T31, na nyingi zilizotoka Japani zina injini ya cc 2,000 na giaboksi ya CVT. Ndani ya CVT hakuna gia kama unazozijua. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma uliopangwa vipande vyembamba mamia. Ukiwahi kuingia kwenye mashine ya kusaga unga, ule mkanda mrefu kati ya mota na kinu ndio wazo lenyewe, isipokuwa puli hizi zina uwezo wa kujibana na kujitanua, na mkanda ukapanda na kushuka. Ndiyo maana gari linachanganya bila kushtuka. Mkanda ule unashikiliwa kwa presha ya oili, na oili yenyewe imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza wala kulika. Oili ya T31 inaitwa NS-2. Ukiweka ile nyekundu ya giaboksi za kawaida, mkanda unateleza, unachora puli, na puli ikishachorwa hakuna oili ya kuifuta.

Miaka ya nyuma nililetewa gari la CVT limevutwa na brekidauni. Mwenyewe alikuwa amepita gereji moja, wakamwambia oili ya giaboksi imepungua, wakamwongezea lita mbili za ile nyekundu kwa nia njema kabisa. Alitembea wiki tatu. Nilipofungua karai la chini, zile sumaku ndogo zinazokaa humo kunasa vumbi la chuma zilikuwa zimeota manyoya meusi, marefu kama ya kiwavi. Nilimwita aone mwenyewe, kwa sababu hesabu niliyokuwa naenda kumtajia asingeiamini kwa simu.

Basi si yai. Ni giaboksi isiyosamehe. Iliyobadilishiwa oili sahihi kila kilometa 40,000 au 50,000 inafika mbali. Iliyoachwa kwa sababu mtu aliambiwa "oili hii ni ya maisha" inakufa bila kuaga. Shida yako wewe mnunuzi ni kwamba hujui ilivyoishi, kwa hiyo lazima uiulize yenyewe. Washa gari likiwa la baridi, weka D, kisha R. Likichelewa kushika kwa sekunde mbili tatu halafu likagutuka, shuka. Barabarani, tembea kati ya kilometa 20 na 40 kwa saa ukikanyaga polepole. Mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo ni dalili mbaya. Kisha panda 70 au 80, zima redio, sikiliza mvumo unaopanda na kushuka kwa mwendo. Mwisho tafuta kilima. Goba hamkosi vilima.

Na Mahenge ndio hasa. Ukishavuka daraja la Kilombero pale Ifakara, ukapita Lupiro, unaanza kuupanda mlima. Gari limejaa watu, mizigo ya sikukuu, kurudi kuna magunia ya mchele. CVT inachukia mambo mawili, joto na mzigo wa muda mrefu kwa mwendo mdogo, na mlima ule unaipa yote mawili. Ikipata joto kupita kiasi kompyuta inapunguza nguvu ili kujiokoa, na watu wanadhani gari limekufa. Ukilisimamisha pembeni, injini ikiunguruma bila mzigo, likapoa, linaendelea. Lakini mtu anayelazimisha kwa kukanyaga hadi chini ndiye anayeniletea sumaku zenye manyoya.

Kuhusu matairi yote manne. Watu wanadhani ukinunua SUV yenye maandishi "4WD" nyuma umenunua Land Cruiser ndogo. Hapana. Kwenye X-Trail, ukiwa kwenye lami matairi ya mbele ndiyo yanavuta. Nyuma, jirani na difu, kuna klachi ndogo inayoongozwa na kompyuta; mbele kukiteleza, inafunga na kupeleka nguvu nyuma. Pale ndani kuna kitufe cha 2WD, AUTO na LOCK. Ni msaada mzuri kwenye utelezi wa kawaida. Ukiingia tope la magoti ukaendelea kuzungusha matairi, klachi ile inachemka, inaachia, na umebaki na gari la matairi mawili katikati ya tope. Subaru Forester yenyewe inavuta yote manne muda wote, na tumbo lake liko juu, karibu milimita 225 kwa toleo la SH5. Suzuki Escudo ya 2005 kuendelea ndiyo pekee kati ya hizi za bei yenu yenye gia nzito ya chini ya kupandia, ila kwa foleni ya Dar na mafuta yake, mtanilaumu.

Kwa safari za Desemba, ndiyo, ningependa muwe na matairi manne yanayovuta. Kwa Pasaka ya masika, mvua ikiwa imepiga siku tatu, hakuna gari la kundi hili nitakalokudhamini nalo. Siku hiyo msubiri barabara ikauke, au muuache mlima kwa wenye Land Cruiser. Na kabla ya kulipia herufi "4WD", lipieni matairi yenyewe. Magari haya hushuka melini na matairi ya zamani yaliyosuguliwa yakang'aa. Tafuta kwenye ubavu wa tairi tarakimu nne, mfano 3519: wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane ni gumu kama ndala ya zamani hata kama vina vyake vimejaa. Na kwa gari la matairi manne badilisha yote pamoja. Ukichanganya mapya mawili na mabovu mawili, mzunguko hautalingana, na klachi ile itafanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami.

Harrier ya 2006 sasa. Mume wako ana sababu: ni gari tulivu, linakaa vizuri barabarani, na ya 2.4 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, ambayo fundi yeyote wa Mwenge au Ilala anaijua. Lakini "Toyota haisumbui" ni sifa yaliyoipata magari yenye miaka sita, si yenye miaka karibu ishirini. Injini yake ya 2.4, inayoitwa 2AZ, ina historia ya kula oili hasa zile za kuanzia 2006 hadi 2009: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, ringi zinakwama, oili inapanda na kuungua. Gari linaweza kutembea vizuri tu huku linamaliza lita moja kila kilometa elfu moja au mbili, na asiyepima oili siku moja anasikia mlio. Likiwa limewashwa, liache lisimame dakika kumi, kisha mtu akanyage ghafla wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu, muage mwenye gari kwa heshima. Pitisha pia kidole ndani ya bomba la moshi: masizi makavu si neno, utando wa mafuta ni neno. Mjue pia Harrier ya 2.4 yenye namba ya chesisi inayoanza na ACU30 inavuta matairi ya mbele peke yake. Ya manne ni ACU35. Imeandikwa kwenye kibati cha chesisi, na nimeona wauzaji wakiapa kinyume chake.

Kuna anayeweza kuwavuta kwenye RAV4 ile yenye tairi mgongoni, ya 2001 hadi 2005. Ikiwa ni ya cc 2,000 yenye maandishi D-4, mimi nawashauri mpite. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali hazioshwi na petroli, zinajaa masizi, na pampu yake ya presha kubwa si ya bei ya kawaida.

Na Subaru kunywa kama lori? Maneno hayo yalizaliwa na zile za tabo, na zile ni kweli. Forester SH5 isiyo ya tabo ni habari nyingine. Tupige hesabu ya kwenu. Goba kwenda mjini na kurudi, weka kilometa 40, siku 25, kilometa 1,000 kwa mwezi. Forester kwenye foleni itakupa kilometa 8 kwa lita, hapo ni lita 125. X-Trail ikikupa 9.5, ni lita 105. Tofauti ni lita 20 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu uone. Si hela ya kutupa, lakini haijafika mahali pa kuvunja undugu na shemeji, na haikaribii bei ya CVT. SH5 kwa faida yako ina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Tafuta ya kuanzia mwishoni mwa 2010, hapo injini ilibadilishwa kuwa ya cheni. Za kabla yake zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika vali na pistoni zinakutana. Ubaya wake ni kwamba injini imelala, plagi ziko ubavuni, kila kazi ndogo ina ufundi wake. Fundi wenu kama hazijui, mtafute anayezijua kabla ya kununua, si baada.

Nitaje na Mazda CX-5 ya 2012 ya petroli, giaboksi ya kawaida ya gia sita, nzuri sana, ila nyingi zinazotoka Japani ni dizeli. Dizeli yenye kichujio cha masizi inahitaji safari ndefu ili ijisafishe. Goba na foleni ya mjini hazitaipa.

Turudi kwa watu sita. Kuna Toyota Vanguard ya viti saba, ila ndani yake kuna injini ileile ya 2AZ na CVT juu yake, na kwa milioni 28 mtapewa iliyochoka. Tena viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, na vikifunguliwa mizigo haina pa kukaa. Kubeba mtoto magotini kutoka Dar hadi Mahenge mimi siwezi kukuandikia kwamba ni sawa. Kama mama mkwe anasafiri nanyi mara moja au mbili kwa mwaka, msinunue gari la kila siku kwa ajili ya siku mbili. Mama akae mbele, watoto watatu nyuma, mmoja wenu aendeshe, mwingine apande basi pale Mbezi Luis, hapo jirani yenu tu. Mume wako akinuna, mwambie ni fundi amesema.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenu: ningeanza kutafuta Forester SH5 ya 2011 au 2012 isiyo ya tabo. Nisipopata safi, X-Trail yako ya yadini, kwa sharti giaboksi ijibu maswali yale na oili ya NS-2 ibadilishwe wiki ya kwanza. Harrier ya 2006 ningeiweka ya tatu, na ningeinunua tu kutoka kwa mtu ninayemjua.

Zile kilometa 78,000 msiziamini wala msizikatae, zikagueni. Mwombe muuzaji karatasi ya mnada na cheti cha usafirishaji kutoka Japani. Cheti huandikwa kilometa zilizosomwa ukaguzini. Alama ya mnada 4 au 3.5 ni gari la kawaida zuri, R ni lililowahi kubamizwa na kutengenezwa. Angalia raba ya pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva: gari la kilometa 78,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Lala chini utazame fremu, maana sehemu zenye theluji Japani humwaga chumvi barabarani, na kutu ya huko haionekani ukiwa umesimama. Namba E isiwababaishe. Inaonyesha gari limesajiliwa juzi, umri ni habari nyingine.

Haya yote hayachukui nafasi ya fundi aliyesimama mbele ya gari. Mlipe wa kwenu, asiwe aliyependekezwa na yadi wala dalali, aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na alipandishe juu. Nendeni mapema yadi inapofunguliwa, na kabla ya salamu weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameliwasha kabla yenu ili msisikie linavyoamka. Rudini kesho bila kutoa taarifa. Wakikataa gari lisitoke nje ya geti kujaribiwa, msirudi.

Ukipata namba ya chesisi ya ile X-Trail, niandikie tena pamoja na picha ya karatasi ya mnada, pande zote mbili, na picha ya chini ya gari upande wa nyuma.